Nimezoea mankala ya kwenye simu. Kwa nini bao linanishinda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimecheza mankala kwenye simu kwa muda mrefu, ile ya vishimo 12 na ghala mbili, na siku hizi kompyuta hainisumbui. Juzi nikakaa na wazee wanaocheza bao, nikafungwa kabla sijaelewa kilichonipata. Naona mtu mara anakula, mara anazungusha kete bila kula. Mara anasimama kwenye lile shimo la mraba, mara anaendelea. Wanacheza haraka na hakuna wa kunieleza. Je, huu ni mchezo uleule? Na nianzie wapi kuujua?

Jibu: Marahaba. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu umekwama mahali ambapo wengi hukwama, na ukijibiwa kwa kifupi utarudi barazani ufungwe tena vilevile.

Michezo hii ni ya ukoo mmoja, lakini si mchezo mmoja. Na kilichokufunga si haraka ya wazee. Ulikaa kwenye bao ukiwa na lengo la mchezo mwingine. Kwenye simu mnashindania mali: kete ikishaingia kwenye ghala lako ni yako mpaka mwisho, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Kwenye bao hakuna ghala la namna hiyo. Kete zote 64 hubaki mchezoni. Ulizokula sasa hivi unazisambaza palepale upande wako, na zamu inayofuata mwenzako anaweza kuzirudisha kwake. Mshindi ni yule aliyeiacha safu ya mbele ya mwenzake haina hata kete moja, au aliyemwacha mwenzake hana cha kutembeza. Unaweza kuwa na kete 40 zimejaa safu ya nyuma na bado ukawa umefungwa. Kwa hiyo ile tabia ya kurundika, inayokupa ushindi kwenye simu, ndiyo inayokumaliza hapa.

Mchezo wa simu unaoueleza hujulikana kama kalaha, na umri wake si mkubwa. Ulitungwa mwaka 1940 na Mmarekani William Julius Champion, akifuata umbo la michezo ya zamani ya safu mbili. Hiyo michezo ya zamani imeenea mbali. Ghana wana oware yenye mashimo 12 na kete 48, ambamo unakula pale kete yako ya mwisho inapolifanya shimo la mwenzako liwe na kete 2 au 3. Wayoruba wa Nigeria wana ayo, Wajaluo wana ajua, Waethiopia wana gebeta. Ukivuka Bahari ya Hindi unakuta pallanguzhi kusini mwa India na congkak Malaysia na Indonesia. Kazakhstan wana togyzkumalak yenye mashimo 18 na kete 162. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza mchezo huo, pamoja na ndugu zake wa Kyrgyzstan na Uturuki, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Bao liko kwenye tawi jingine, tawi la safu nne, ambalo makazi yake ni mashariki na kusini mwa Afrika. Humo utakuta omweso wa Uganda, igisoro ya Rwanda, bawo ya Malawi, na bao letu la Kiswahili linalochezwa Zanzibar, mwambao wote wa Tanzania na Kenya, Lamu hadi Komoro, na siku nyingi sasa bara pia. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wake mkubwa.

Tofauti ya safu mbili na safu nne si wingi wa mashimo tu. Kwenye oware kete zako zinapita hadi upande wa mwenzako na za kwake zinakuja kwako. Kwenye safu nne kila mtu ana safu mbili zake, jumla mashimo 16, na kete zake huzunguka humo tu. Njia pekee ya kupata kete za mwenzako ni kuzila. Halafu bao lina sharti lake la pekee: linaliwa lililoko safu ya mbele tu. Waganda kwenye omweso wakila huchukua la mbele na la nyuma yake kwa pamoja. Kwetu safu ya nyuma ni kimbilio, haifikiwi na mkono wa mwenzako. Ila kimbilio hilo halikuokoi mbele ikiwa tupu, na hapo ndipo mvutano wote wa mchezo ulipo.

Tuje kwenye ubao wenyewe. Keti na bao mbele yako, uhesabu safu yako ya mbele kutoka kushoto, shimo la 1 hadi la 8. Shimo la 5 ndilo lile la mraba, linaitwa nyumba. Mwenzako naye anahesabu hivyohivyo kutoka kushoto kwake, kwa hiyo nyumba yake inatazamana na shimo lako la 4. Shimo la 1 na la 8 ni vichwa. Vichwa pamoja na majirani zao, yaani la 2 na la 7, huitwa kimbi, na muda si mrefu utaona kwa nini yamepewa jina lao peke yao. Kete zenyewe kwa kawaida ni komwe, mbegu za mkomwe, ngumu, za kijivu, laini mkononi. Ndiyo maana wazee wanaweza kuzimwaga bila kutazama vidole.

Mchezo unaanza kila mmoja akiwa na kete 6 nyumbani, 2 kwenye shimo la 6 na 2 kwenye shimo la 7. Hizo ni 10. Nyingine 22 ziko mkononi au kwenye shimo la pembeni la kuhifadhia. Hatua ya kwanza, kunamua, ni ya kuziingiza hizo 22, moja moja, kila zamu moja. Zikiisha kwa wote wawili inaanza hatua ya pili, mtaji, ambayo hakuna kete mpya inayoingia. Mnacheza kwa zilizoko ubaoni.

Sasa swali lako la kwanza: kwa nini mara anakula, mara anazungusha bila kula? Jibu lake ndilo ufunguo wa bao zima. Kila zamu ni ya aina moja kati ya mbili, na aina yake inajulikana kwenye tendo la kwanza kabisa. Ni zamu ya kula au ni zamu ya kutakasa, yaani kuzungusha kete zako bila kula. Ikiwa unaweza kula, lazima ule. Huna hiari ya kuacha. Ikiwa huwezi kula, unatakasa, na zamu ikishakuwa ya kutakasa hakuna kula hata kete yako ya mwisho ikiangukia mahali pazuri namna gani. Ulipomwona mzee anapita mbele ya shimo lililojaa la mwenzake bila kuligusa, hakuwa amelisahau. Alikuwa anatakasa.

Wakati wa kunamua, kula kunakwenda hivi. Unaweka kete moja kwenye shimo lako la mbele lenye kete tayari, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo nalo liwe na kete. Hizo za mwenzako unazitoa zote, lakini huzisambazi kutoka pale. Unazipeleka kwenye kichwa kimojawapo chako, unaanza kuziangusha moja moja kuelekea ndani. Kama shimo ulilolia ni la katikati, yaani la 3 hadi la 6, unachagua mwenyewe kichwa cha kuanzia. Kama umelia kwenye kimbi, huchagui: kimbi cha kushoto kinakulazimisha uanze kichwa cha kushoto, cha kulia vilevile kulia.

Kete ya mwisho ndiyo inayoamua kinachofuata. Ikiangukia shimo tupu, zamu imelala, yaani imeisha. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unakula tena, unarudi kichwani ukisambaza kwa mwelekeo uleule uliokuwa nao, isipokuwa kimbi kikugeuze. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, iwe mbele au nyuma, unazoa zote zilizomo pamoja na ile ya mwisho na kuendelea mbele. Hivyo zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara nyingi, na hapo ndipo mgeni anapopotea.

Nikuoneshe kwa zamu za mwanzo kabisa. Ukiwa na ubao ziweke kete ufuate.

Mwanzoni mashimo yako yenye kete (5, 6, 7) yanatazamana na matupu ya mwenzako, na yake yanatazamana na matupu yako. Kwa hiyo wa kwanza hawezi kula, lazima atakase. Tuseme ni wewe. Unaweka kete moja shimo la 6, zinakuwa 3, unazizoa na kuzisambaza kushoto: moja nyumbani, moja shimo la 4, moja shimo la 3. La 3 lilikuwa tupu, zamu imelala. Sasa una kete 1 kwenye la 3 ikitazamana na kete 2 za mwenzako, na kete 1 kwenye la 4 ikitazamana na nyumba yake yenye kete 6.

Mwenzako lazima ale, na ana njia mbili. Kwa macho ya anayejifunza ni sawasawa, kote ni kula kete moja. Tazama tofauti yake. Akilia ile ya shimo lako la 3, anaiweka kichwani kwake, kichwa kilikuwa tupu, zamu imelala. Kete yako ya shimo la 4 bado iko mbele ya nyumba yake. Zamu yako unaweka moja pale, unakula nyumba nzima, kete 6, kwenye zamu yako ya pili tu ya mchezo. Akilia ile ya shimo la 4 kwa kuweka kete nyumbani kwake, nyumba inapona na inakuwa na kete 7. Mchezaji mzoefu hafikirii hapa hata kidogo. Mkono wake unakwenda nyumbani.

Tuseme amefanya hivyo, na ile kete aliyokula ameiweka kwenye kichwa chake cha kushoto, kinachotazamana na shimo lako la 8. Sasa wewe unaweka kete shimo la 3, unakula zake 2. La 3 si kimbi, kwa hiyo unachagua. Ukianza kichwa cha kushoto, zinaangukia la 1 na la 2. La 2 lilikuwa tupu, umelala. Ukianza kichwa cha kulia, ya kwanza inaangukia la 8, ya pili la 7 ambalo sasa lina kete 3. Upande wa pili ni patupu, hakuna cha kula, unazoa hizo 3 na kuendelea kushoto: moja la 6, moja nyumbani, ambayo inafika kete 8, moja la 4, lililokuwa tupu. Umelala, lakini umelala ukiwa na kete nyingine mbele ya nyumba yake. Kazi aliyoifanya zamu iliyopita inabidi airudie. Kula ni kulekule, kete ni zilezile 2, ila mwelekeo mmoja umekuacha ukingoja na mwingine umemwacha mwenzako akikimbizana na nyumba yake. Mimi ningekwenda kulia bila kusita.

Humo ndani kuna jambo ambalo halielezwi barazani kwa sababu kila mtu pale analijua kwa vidole. Wakati wa kunamua, hatari ni ya pande zote mbili. Mahali popote ambapo shimo lako la mbele na la mwenzako yanatazamana yote yakiwa na kete, wewe unaweza kula na yeye anaweza kula. Tofauti ni zamu ni ya nani tu. Kwa hiyo ukimaliza kusambaza, usihesabu kwanza una kete ngapi. Pitisha jicho kwenye mashimo manane ya mbele uone yapi yanatazamana na kete pande zote, kisha ujiulize: akilia hapa anapata ngapi, anaanzia kichwa kipi, na mimi nitabaki na nini cha kumlia? Shimo lako lenye kete 1 mbele ya shimo lake lenye 6 ni chambo kizuri. Shimo lako lenye 6 mbele ya shimo lake lenye 1 ni zawadi.

Swali lako la pili lilihusu nyumba. Nyumba ina heshima yake maadamu haijaliwa wala kutembezwa, na ina kete zisizopungua 6. Ukiwa kwenye zamu ya kula, wakati wa kunamua, na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumbani pasipo na cha kula mbele yake, hapo peke yake una hiari: ulale palepale, au uzoe nyumba nzima na kwenda nayo safari. Ndiyo maana umeona mara mtu anasimama, mara anaendelea. Kama mbele ya nyumba kuna kete za mwenzako, hiari hiyo hakuna, unakula. Kwenye zamu ya kutakasa nako hakuna hiari: kete ya mwisho ikiingia nyumbani, umelala. Na kutakasa hakuanzii nyumbani, isipokuwa ikiwa nyumba ndiyo shimo pekee la mbele lenye kete, ambapo unatoa kete 2 tu na kuzisambaza.

Lini kwenda safari? Hapa wachezaji hutofautiana kwa tabia na mimi nina upande wangu: wanaoanza huenda safari mapema mno. Nyumba yenye kete 10 au 12 inamtia mtu tamaa ya kuimwaga, maana kumwaga kunapendeza na watazamaji watapiga kelele. Lakini nyumba ikishatoka haijengeki tena. Inakuwa shimo kama mengine, na ile ruhusa ya kulala unapotaka imekwenda. Ukitaka kusafiri, kwanza jua kete ya mwisho itaangukia wapi, na hesabu yake si ngumu. Duara lako lina mashimo 16. Nyumba ya kete 8, uimwage kulia au kushoto, ya mwisho inaangukia shimo lilelile, la 4 safu ya nyuma, kwa sababu 8 ni nusu ya duara. Kete 5 kwenda kulia zinafika pale ambapo kete 11 zingefika kwenda kushoto. Ukishika kanuni hiyo moja, kwamba jumla ni 16, umepunguza nusu ya hesabu. Mahali pa kuangukia ni patupu? Umelala, na kete zimetawanyika, zile za mbele zikiwa rahisi kuliwa. Pana kete? Unaendelea, na lazima ujue kinachofuata pia.

Sababu nzuri za kusafiri ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni kwamba nyumba iko njiani kuliwa na huna namna ya kuilinda; afadhali uitembeze mwenyewe. Ya pili ni kwamba umeihesabu mpaka mwisho na inakula kitu kikubwa. Nje ya hapo, lala.

Hatua ya mtaji inakuja kete za mkononi zikiisha. Sasa unaanza zamu kwa kuzoa shimo lako lolote, mbele au nyuma, lenye kete 2 hadi 15, ukisambaza upande unaoutaka, na kete ya mwisho ya mzunguko huo wa kwanza lazima iangukie shimo lako la mbele lenye kete, likitazamana na shimo la mwenzako lenye kete. Hapo umekula, na mengine yanakwenda kama mwanzo. Shimo la kete moja haliondoki. Lenye 16 au zaidi halianzishi kula. Na ukihesabu utaona kete 16 zinazunguka duara zima na kurudi palepale zilipotoka. Kama hakuna shimo linalokula kwenye mzunguko wa kwanza, unatakasa, ukianzia safu ya mbele. Nyuma unakwenda pale tu mbele isipowezekana.

Kwenye mtaji safu ya nyuma inapata maana mpya. Wakati wa kunamua ilikuwa bohari tu, sasa ni mahali pa kurushia mashambulizi, maana shimo la nyuma lenye kete linaweza kufika mbele na kula huku lenyewe likiwa halifikiki. Aliyetumia zamu 22 za kunamua kujaza mbele peke yake anajikuta hana mtaji wa kweli. Aliyejaza nyuma peke yake anajikuta mbele pamebaki kete tatu nne, na mwenzake anazihesabu. Nikiwatazama watu wawili mwishoni mwa kunamua, sitazami nani ana kete nyingi. Natazama nani ana mashimo mengi tofauti ya kulia kete za mwenzake.

Umesema kompyuta haikusumbui, na hapo niseme kidogo. Mwaka 2002, pale Vrije Universiteit ya Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliufumbua mchezo wa awari, jina jingine la oware, wote: kompyuta zao zilipitia hali 889,063,398,406 za ubao, ikaonekana kwamba wawili wakicheza bila kosa wanatoka sare. Bao halijafumbuliwa namna hiyo. Kula moja kunaweza kuzaa kula nyingine ndani ya zamu ileile, mwelekeo ukageuka kwenye kimbi, kete zikapita nyumbani, na badiliko la kete moja mwanzoni likaupeleka mwisho kwingine kabisa. Wapo watu wanaoliona hilo lote kichwani kabla hawajagusa ubao. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu yake ya uzamivu, Leiden 1995, akiwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, na kwa maoni yangu hao wanastahili kutajwa pumzi moja na mabingwa wa sataranji.

Uanzie wapi basi. Usianzie na bao kamili. Kuna bao la kujifunza, ambalo watoto wengi wa pwani wamepitia: unaweka kete 2 kila shimo, mashimo yote 32, na mnaanza moja kwa moja na mtaji. Hakuna kete za mkononi, hakuna nyumba, hakuna safari. Kinachobaki ni kusambaza, kula, kichwa na kimbi. Cheza hilo mpaka kimbi kiache kukushtua, yaani ukila shimo la 7 mkono wenyewe unakwenda kichwa cha kulia. Kisha ingia kunamua.

Ukiwa peke yako nyumbani, panga ubao wa mwanzo, ucheze zamu 10 za kila upande wewe mwenyewe, pande zote mbili, polepole. Kabla ya kila zamu sema kwa sauti kete ya mwisho italala wapi, kisha icheze uone. Usijaribu kuhesabu kula tatu mbele. Hesabu kula ya kwanza mpaka ilale, kwa uhakika. Mchezaji anayeona hatua moja bila kukosea humfunga anayeona hatua tatu kwa kubahatisha.

Na barazani, kabla hujaketi mbele ya mtu, kaa pembeni utazame michezo kadhaa ukifuatilia jambo moja tu, kwa mfano nyumba za wote wawili: imelala mara ngapi, imesafiri lini, imeliwa na shimo gani. Mchezo unaofuata tazama kimbi. Haraka ya wazee itapungua machoni pako, kwa sababu utakuwa unajua mkono unakwenda wapi kabla haujafika. Ukikosa kuelewa, ngoja mchezo uishe ndipo uulize. Watakujibu vizuri, tena kwa kupanga kete upya. Mchezaji wa bao anapenda kuonesha zamu aliyoshinda nayo.

Kitu kimoja uulize mapema, kabla ya kete ya kwanza: takasia wanaichezaje. Kwenye mtaji, ikiwa mwenzako ametakasa na wewe huwezi kula, na shimo lako moja tu ndilo linalotishiwa kuliwa zamu yake ijayo, shimo hilo limetakasiwa: huruhusiwi kulitakasa ili kulikimbiza. Linabaki pale lingojee. Kuna hali zinazolifungua, kama vile likiwa ndilo shimo pekee la mbele lenye kete au ndiyo nyumba yako isiyovunjwa, na katika hali hizo ndogondogo baraza moja hutofautiana na jingine. Wanaoanza hugombana hapo kuliko mahali pengine popote. Ukiwauliza wazee mwanzoni, watajua pia kwamba safari hii umekuja kucheza bao.